Jicho, Kimo na Teknolojia: Istilahi za Fasihi katika Uhakiki wa Sanaa ya Leo

Atazamaye Mlima Elgon kutoka Kitale au Bungoma huona mwinuko mpana wenye mteremko wa taratibu. Ni vigumu kuamini kuwa kilele chake, Wagagai, kimefikia mita 4,321. Kitako cha mlima huo kina kipenyo cha takribani kilomita 80, na upana huo huficha kimo. Jicho hupima kitu kwa kukilinganisha na kingine. Wasanii kadhaa wa leo hujenga kazi zao juu ya tabia hiyo ya jicho. Makala haya yanaangalia wawili, wote wazaliwa wa Nairobi, na kuonyesha kuwa mwanafunzi wa Kiswahili tayari anazo istilahi za kuwahakiki.

Wa kwanza ni Cyrus Kabiru, aliyezaliwa mwaka 1984. Huokota nyaya, vizibo na vipande vya mitambo mibovu, akaviunganisha kuwa miwani ya ajabu. Mfululizo mmoja aliuita Macho Nne, jina la utani la mvaa miwani. Miwani ya kawaida humsaidia mvaaji kuona. Hii aghalabu humzibia, huku ikiwavuta wengine wamtazame yeye. Katika fasihi, hali hiyo huitwa kinaya.

Wa pili ni Wangechi Mutu, aliyezaliwa mwaka 1972. Video yake ya uhuishaji, The End of carrying All, ilionyeshwa Venice mwaka 2015. Mwanamke anatembea na kikapu kichwani. Mzigo unazidi kukua kwa majengo na mitambo, hata unammeza mbebaji. Hiyo ni chuku, ila imejengwa kwa ukubwa wa vitu, na teknolojia ndiyo inayoukuza mzigo mbele ya macho. Hadhira iliyozoea kuona akina mama wakijitwika mizigo kwenda sokoni itatambua mahali ambapo chumvi imetiwa, na mahali ambapo haikutiwa.

Kwa kuhitimisha, uhakiki wa kazi hizi ukiachiwa lugha za kigeni, Mkenya atasimuliwa sanaa yake na wengine. Wanafunzi wa Kitale na Bungoma waanzie karibu. Wachague kazi moja ya fundi wa jua kali, kisha waandike aya moja kujibu maswali haya: Kifaa hiki kilikuwa nini awali? Kimefanywa kionekane kuwa nini? Mtazamaji analazimika kukilinganisha na nini?