Hesabu kwanza, waya baadaye: Kuongeza taa za LED kwenye piki-piki



Wengi wenu mumetuuliza juu ya nini piki-piki ya masomo ilitoa moshi usiku ule kwenye mlima. Sisi wa kikundi cha fizike tuna deni la kuwajibu, sababu kosa lilikuwa letu. Basi tumeona ni vizuri kulifanya kuwa somo, ili mwingine asilirudilie.

Munakumbuka yaliyotokea. Mwenzetu mmoja wa internati alishikwa na homa kali usiku. Dereva akamupakia kumupeleka hospitali, na muuguzi akakaa nyuma yake kumushika. Siku chache mbele ya pale tulikuwa tumefunga taa 4 za LED mbele ya piki-piki hiyo, na tulijisifu sana: barabara ilikuwa inaangaza kama mchana. Lakini walipofika katikati ya mlima, kukawa harufu ya plastiki, moshi chini ya tanki, halafu giza. Taa zetu zilizimika, taa ya zamani ilizimika, na injini vilevile. Mgonjwa alibebwa mgongoni, na tochi moja ya simu ndiyo iliwaonyesha njia. Tunashukuru Mungu, alifika na akapona.

Kesho yake fundi alifungua piki-piki, akatuangalia, akasema: «Batoto, munapendaga mwangaza, lakini hesabu, hapana.» Neno hilo ndilo somo letu la leo.

1. LED ni kitu gani?

LED ni kipande kidogo sana cha madini maalum ambacho hutoa mwanga wakati umeme unapita ndani yake upande mmoja tu. LED ya kwanza ya kufaa yenye mwanga mwekundu ilitengenezwa mwaka 1962 na Nick Holonyak kule Marekani. Ya bluu ilichelewa, na bila bluu hakuna nyeupe, maana LED nyeupe nyingi ni LED ya bluu iliyopakwa unga wa rangi ya manjano. Wajapani Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, pamoja na Shuji Nakamura mzaliwa wa Japani, walipewa zawadi ya Nobel ya fizike mwaka 2014 kwa kazi hiyo ya LED ya bluu.

Faida yake ni hii: ampuli ya halojeni ya piki-piki inageuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto. LED nzuri inatoa mwanga mara 4 au zaidi kwa wati ileile. Lakini musidanganyike: LED haili umeme mwingi, ila inakula. Na ukifunga 4 za nguvu, zinakula kama ampuli ya zamani au kuipita.

2. Umeme unatoka wapi?

Wengi wanajibu: «Kwa batri.» Hapana. Batri ni ghala tu. Shamba ni dinamo iliyo ndani ya injini. Dinamo inazalisha, regulata inanyoosha na kupima, batri inaweka akiba. Familia ikila kila siku kuliko shamba linavyotoa, ghala litabaki tupu, hata kama lilikuwa kubwa. Piki-piki ni vilevile.

Kuna jambo lingine la kujua. Katika piki-piki ndogo nyingi, taa kubwa ya mbele haipati umeme wa batri. Inapata umeme wa kwenda na kurudi moja kwa moja kutoka dinamo. Utaitambua: ukipunguza gazi, taa inafifia; ukizima injini, haiwaki. Waya wa taa ya namna hiyo usiuguse kwa LED, sababu LED inataka umeme wa upande mmoja. Ukiunga pale itapepesa-pepesa, au itaharibika upesi. Chukua umeme kwa batri.

3. Hesabu yenyewe

Fomula munaijua tangu darasani: P = U × I. Nguvu kwa wati ni tension kwa volti mara intensité kwa ampere. Piki-piki zetu ziko za volti 12.

Tuchukue mfano. Tuseme dinamo inatoa wati 100 wakati wa mwendo mzuri. Taa ya mbele inakula 35, taa ya nyuma 5, taa ndogo za saa 3, kuwasha cheche na kuchaji batri 20. Jumla ni 63. Inabaki 37.

Taa 2 za wati 10 ni wati 20: zinaingia. Taa 4 za wati 20, kama zile tulizofunga sisi, ni wati 80: haziingii hata kidogo. Wati 43 zinakosekana, na batri ndiyo italipa. 43 gawanya kwa 12 ni karibu ampere 3,6. Batri ya ampere-saa 5 ingekuwa tupu kabisa mbele ya saa moja na nusu. Na injini ikizunguka polepole, kama vile kwenye matope, dinamo inatoa kidogo zaidi.

Kama hamujui dinamo yenu inatoa wati ngapi, tumieni kipima-umeme kwenye vichwa vya batri. Batri iliyojaa, injini imezimwa na imepumzika, inaonyesha karibu volti 12,6 au zaidi kidogo. Washa injini, ongeza gazi kama uko njiani: inapashwa kupanda kati ya 13,5 na 14,5. Sasa washa taa zote. Ikibaki juu ya 13, shamba linalisha nyumba. Ikishuka chini ya 12,8 na kuendelea kushuka, punguza taa.

Tena, musiamini maandishi ya kartoni ya soko. Pimeni ampere zinazopita, mara volti, na mutajua wati za kweli.

4. Juu ya nini waya uliungua?

Waya wetu ulitoka kwa batri moja kwa moja, bila fyuzi, ile ambayo mafundi wengi wanaita fizibule. Ulipita kwenye shingo ya usukani. Kila mara dereva alipokata kona, waya ulisuguliwa na chuma. Plastiki ikaisha, shaba ikagusa kadre, na kadre imeungwa na minus ya batri. Hiyo inaitwa court-circuit. Hapo hakuna taa tena ya kuzuia mkondo, na batri ndogo inaweza kusukuma makumi ya ampere mara moja.

Joule alituonyesha kwamba joto la waya linafuata mraba wa mkondo: P = R × I². Ampere zikiongezeka mara 10, joto linaongezeka mara 100. Waya ukageuka kuwa kama jiko, ukayeyusha waya za jirani, hata zile za kuwasha injini. Fyuzi moja ya bei ndogo ingekatika mara moja, na piki-piki ingeendelea na taa yake ya zamani.

Mushike hili: fyuzi hailindi taa, inalinda waya. Ndiyo maana inawekwa karibu na plus ya batri, kama sentimeta 15 hivi, si mbali karibu na taa.

5. Namna ya kufunga

Vifaa: taa 2 za wati 10, waya wa shaba wa milimeta mraba 1, fyuzi ya ampere 3 na nyumba yake, rele moja ya volti 12, swichi isiyoingia maji, vifungo vya plastiki. Taa hizo zinavuta 20 ÷ 12, ni karibu ampere 1,7. Fyuzi ya 3 inatosha. Usiweke ya 20 «ili isikatike». Ya kukatika ndiyo tunayotaka.

Kazi inaenda hivi:

a) Zima injini. Toa kwanza waya wa minus wa batri.

b) Funga taa mahali penye upepo. LED inatoa joto kwa nyuma, kwenye meno ya aluminiamu, na ikikosa hewa inakufa mbele ya wakati.

c) Rele iko na namba. Namba 30 inapata plus ya batri kupitia fyuzi. Namba 87 inakwenda kwa plus ya taa. Namba 86 inapata waya unaoamka wakati wa kufungua kontakti, kupitia swichi. Namba 85 inakwenda kwa minus. Hivi ukitoa ufunguo, taa zinazimika zenyewe, na asubuhi batri haitakuwa imekufa. Waya wa kontakti utafute kwa kipima-umeme: lazima uwe wa upande mmoja, na ulale ufunguo ukitoka.

d) Minus ya taa irudishe kwa minus ya batri. Usitegemee bulon yenye rangi na kutu.

e) Kwenye shingo ya usukani acha waya mrefu kidogo, uvishe bomba la plastiki. Zungusha usukani mpaka mwisho kushoto na kuume. Waya usivutike wala usibanwe.

f) Maungo yalehemu au yabane kwa kifaa chake, halafu yafunike vizuri. Kusokota kwa vidole na kuzungusha utepe si kazi.

g) Rudisha minus mwisho. Washa, pima volti tena.

6. Jirani yako pia ana macho

Taa yenye nguvu iliyoelekezwa vibaya ni hatari kuliko giza. Anayekuja mbele akipofuka, anaweza kukuingilia wewe mwenyewe. Simamisha piki-piki meta 5 mbele ya ukuta. Weka alama ukutani kwa urefu wa katikati ya taa. Sehemu yenye mwanga mkali ianguke sentimeta 10 chini ya alama hiyo, na iegemee kuume kidogo, sababu katika Kongo tunatembea kuume.

Fanya kipimo hicho ukiwa na mizigo. Ukipakia mtu na gunia la mihogo nyuma, mbele inapanda, na taa zinaangalia mbingu. Na ukiona mtu anakuja, hata wa kwa miguu, zima za kuongeza. Swichi iko kwa ajili hiyo.

Zoezi

Piki-piki ya volti 12 imebakiza wati 30. Mtu ameleta taa 3; kila moja inavuta ampere 1. Je, zinaingia? (Jibu: 3 × 12 ni wati 36. Haziingii. Afunge 2, hizo ni wati 24, na fyuzi ya ampere 3.)

Leo piki-piki ya masomo iko na taa 2 tu. Hazijisifu. Lakini injini ikitembea na taa zote zikiwaka, tumepima volti 13,6, na dereva amekwisha kwenda hospitali na kurudi usiku mara mbili. Zile 2 zingine ziko ndani ya sanduku la laboratware ya fizike, pamoja na waya ulioungua. Anayetaka kuona, aje atuombe. Tutamuonyesha bila haya.