RAMANI BILA INTANETI: SOMO KUTOKA RAILA

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Basi tuulize: bando ikiisha, ramani nayo huisha? La, hasha!

Raila ni mojawapo ya vijiji vya Kibera. Hadi mwaka wa 2009, Kibera ilikuwa pengo tupu kwenye ramani nyingi za Nairobi, utadhani haina watu! Mwaka huo vijana wa Kibera, kupitia mradi wa Map Kibera, walipita vichochoroni na vifaa vya GPS wakiandika zahanati, shule, vyoo na vituo vya maji. Kazi yao waliiweka katika OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka wa 2004. Huria maana yake yeyote anaweza kuichukua na kuitumia bure, mradi ataje ilikotoka.

Sasa, tarakilishi ya Linux isiyo na intaneti itaionyeshaje? Inahitaji vitu viwili: programu na data. Wengi hubeba kimoja, wakasahau cha pili.

Kwanza, programu. QGIS huonyesha na kuchapisha ramani, nayo JOSM huirekebisha. Zote mbili ni huria. Kwa simu ya Android kuna OsmAnd na Organic Maps.

Pili, data. Nenda saiba na flashi yako, ingia tovuti ya Geofabrik, uchukue faili ya Kenya nzima. Ukirudi, fungua QGIS na uiburute faili ndani. Barabara zitatokea bila mtandao wowote. Kwa JOSM, pakua eneo la Kibera pekee ukiwa mtandaoni, kisha ulihifadhi kama faili.

Lakini tahadhari! Ramani iliyohifadhiwa haijui ya leo. Julai 2018 nyumba nyingi za Kibera zilibomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Mwenye faili ya 2017 anaweza kuwaelekeza wazima moto kwenye kichochoro kisichopo tena. Kwa hivyo andika tarehe kwenye jina la faili, na uibadilishe kila muhula.

ZOEZI
1. Taja vitu viwili vinavyohitajika ili ramani ifunguke bila intaneti.
2. Chapisha ramani ya mtaa wenu, uwe Raila au Kawangware. Itembelee na kalamu mkononi. Ni nini kinachokosekana?