Jua haki zako: Umekuta kitu cha wazee chini ya udongo

Unachimba msingi wa nyumba pale Pangi, ao unafuata kasiterite upande wa Kalima, na jembe linagonga kitu kisicho jiwe: kisura kidogo cha pembe ya ndovu, kinaenea kiganjani, kimepata wekundu kwa mafuta ambayo wazee walikipaka miaka na miaka. Warega wanakijua. Ni lukungu, kisura cha wakubwa wa chama cha Bwami, wale wa daraja la kindi. Habari zikitoka tu, mnunuzi atakufikia na noti mkononi.

Usimuuzie. Sheria ya Kongo ya 15 Machi 1971 inayolinda mali za utamaduni inataka kila kitu chenye maana kwa sanaa, historia ao mambo ya kale kitangazwe mara moja kwa administrata wa teritware, hata kama kimepatikana kwa bahati tu. Anayetangaza ni aliyekiona ao mwenye kiwanja. Administrata anamjulisha waziri wa utamaduni, naye waziri anaamuru namna ya kukihifadhi.

Na zawadi je? Uingereza, kwa sheria ya 1996, kamati inakadiria bei, makumbusho inalipa, na kwa kawaida mwokotaji na mwenye shamba wanagawana. Hazina iliyookotwa Staffordshire 2009 ililipiwa pauni milioni 3.285 kwa njia hiyo. Kwetu hakuna kamati ya namna hiyo, kwa hiyo nguvu yako ni karatasi. Andika barua nakala mbili: siku, mahali, kina cha shimo, majina ya walioshuhudia. Piga picha kitu kikiwa bado udongoni, usikisugue. Dai la fidia liandike humo humo. Usitoke ofisini bila muhuri na saini kwenye nakala yako. Kitu kikipotea njiani kabla ya kufika Makumbusho ya Taifa Kinshasa, ni karatasi hiyo itakayokusemea.

Lakini kitu ulichorithi kwa ukoo si cha kuokota. Kifungu cha 34 cha Katiba kinalinda mali ya mtu na ya jamii iliyopatikana kwa sheria ao kwa desturi, na haichukuliwi ila kwa manufaa ya umma, kwa fidia ya haki inayolipwa kwanza. Akija mtu kukuambia ukitoe kwa sababu ni cha serikali, mwombe uamuzi ulioandikwa, na uwaite wakubwa wa ukoo wakae nawe anapousoma.