Mbawakawa wa mzinga: punguza nafasi kwanza, mtego baadaye

Funua mzinga wowote wenye nyuki, uwe Lindi, Tabora au Kilifi, kisha angalia pembe za mfuniko kabla macho hayajaenda kwenye masega. Mara nyingi utawaona: wadudu wa milimita 5 hadi 7, weusi au wa kahawia iliyoiva, bapa, wenye vinundu kwenye ncha za papasi zao, wakikimbia mwanga kutafuta ufa wa kujibanza. Hao ndio mbawakawa wadogo wa mzinga, ambao wataalamu wanawaita Aethina tumida. Ukiwakuta 10 au 20 kwenye mzinga uliojaa nyuki, funga mzinga uendelee na shughuli zako.

Nalisema hilo mapema kwa sababu wafugaji wengi wapya wanaoweka mizinga miwili mitatu nyuma ya nyumba husoma ushauri ulioandikwa Marekani, wakapatwa na hofu isiyo yao. Mbawakawa huyu ni mzaliwa wa Afrika kusini mwa Sahara. Marekani alitambuliwa Florida mwaka 1998, Australia mwaka 2002, na Italia mwaka 2014 kwenye mkoa wa Calabria. Huko alikuta nyuki wa asili ya Ulaya, ambao hawajawahi kuishi naye, na makundi mengi yakaangamia. Kwa hiyo maandishi ya huko yamejaa mitego, dawa na vifaa vya kuuzwa. Nyuki wetu wamemzoea. Humfukuza huku na huko, wakimkamata mahali penye ufa humzungushia gundi ya nyuki, na walinzi wakakaa mlangoni mwa kizuizi hicho zamu kwa zamu. Jambo la kushangaza ni kwamba mfungwa hafi njaa: humpapasa mlinzi mdomoni kwa papasi zake, na mlinzi hutema tone la chakula kama anavyomlisha nyuki mwenzake. Nyuki wa Ulaya nao hufunga mbawakawa, ila si wepesi wa kufukuza kama hawa wetu.

Hali hubadilika pale askari wanapokuwa wachache kuliko eneo la kulinda, na hapo ndipo nguvu zako zielekee. Sega lisilofunikwa na nyuki halina mlinzi. Usihangaike kuhesabu mbawakawa. Hesabu masega, uangalie ni mangapi yamefunikwa na nyuki pande zote mbili. Kwenye mzinga wa viunzi, ukikuta masega 12 lakini nyuki wanatosha kufunika 7, yatoe yale 5 yaliyo wazi, kisha sogeza ubao wa kuzibia hadi ukaribiane na sega la mwisho. Huna ubao huo? Kipande cha mbao kilichokatwa kwa umbo la mzinga kinatosha, mradi kisiache mwanya pembeni. Kwenye mzinga wa fremu, ondoa sanduku la asali la juu ambalo nyuki hawalitumii. Mfugaji huona uchungu kupunguza mzinga, anaona kama anarudi nyuma, lakini nafasi tupu ndiyo uwanja wa mbawakawa.

Zipo nyakati ambazo kipimo hiki hakikwepeki: mara tu baada ya kurina, baada ya kundi kugawanyika na nusu ya nyuki kuondoka na malkia, wakati wa kiangazi maua yanapokauka, na kila unapogawa kundi mwenyewe. Kundi changa ulilolipa masega mawili ya majana na kuliweka kwenye sanduku kubwa liko hatarini zaidi ya yote. Lianzishe kwenye sanduku dogo, ulihamishe likijaa.

Uharibifu wenyewe hauletwi na mbawakawa aliyekomaa, unaletwa na mabuu wake. Jike hupenyeza mayai kwenye nyufa na hata ndani ya vyumba vya majana, na katika maisha yake anaweza kutaga mayai yapatayo 1,000. Kwa joto letu mayai huanguliwa ndani ya siku 2 hadi 4. Mabuu hula chavua, majana na asali kwa muda wa wiki moja na nusu hadi mbili, wakifikia urefu wa sentimita 1. Wakati wanakula wanaeneza hamira iitwayo Kodamaea ohmeri, nayo huichachusha asali. Sega hulegea, asali hutoa povu na kuchuruzika hadi chini, na mzinga hunuka kama machungwa yaliyooza. Nyuki hawaigusi tena asali hiyo, na mara nyingi kundi zima huhama.

Hamira hiyo ina kisa chake. Mwaka 2007 Baldwyn Torto wa kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, pamoja na wenzake wa Marekani, walieleza kwamba inapochachusha chavua hutoa harufu ileile iliyomo katika harufu ya hatari ambayo nyuki huitoa wakikasirika. Mbawakawa huifuata harufu hiyo. Maana yake kwa mfugaji ni mbili. Kwanza, mzinga mmoja ulioanza kuchacha huwaita mbawakawa wengine kutoka mbali, wakahatarisha na mizinga ya jirani. Pili, kila unapofungua mzinga kwa vurugu, ukaponda nyuki na kuwachokoza, unatangaza mwaliko. Mbawakawa hupenda kuruka jioni giza linapoingia, na ndio muda huohuo tunaofungua mizinga ili tusiwaletee majirani balaa. Hatuwezi kuhamia saa sita mchana. Basi tumia moshi wa kutosha, fanya kazi haraka, sega lililotolewa liingie kwenye ndoo yenye mfuniko papo hapo, na usifungue mzinga kwa sababu tu una hamu ya kutazama.

Usimchanganye buu huyu na kiwavi wa nondo wa nta. Nondo huacha utando mweupe kama wa buibui na vinyesi vyeusi. Mbawakawa haachi utando, huacha ute. Buu wa mbawakawa ana jozi 3 za miguu karibu na kichwa na safu za vijiba mgongoni, na ukimbonyeza ni mgumu kidogo. Kwenye pwani ya Kenya wapo pia mbawakawa wakubwa weusi wa jamii ya Oplostomus, wenye urefu wa sentimita 2 hivi, wanaoingia mlangoni kula majana. Hao dawa yao ni rahisi: waokote kwa mkono, na punguza kimo cha mlango kifikie milimita 8 ili nyuki wapite, wao wakwame. Mbawakawa mdogo hazuiwi na mlango wowote unaompitisha nyuki.

Sasa mitego. Inasaidia, lakini ni msaidizi wa kundi lenye nguvu, haiwezi kuliokoa kundi dhaifu. Ule wa bure kabisa ni kipande cha bango la plastiki lenye mifereji ndani, kama yale yanayobaki yakining'inia baada ya uchaguzi. Kata kipande cha ukubwa wa kiganja, kilaze sakafuni mwa mzinga, mbali kidogo na mlango. Mbawakawa wanaokimbizwa na nyuki hujificha kwenye mifereji. Baada ya siku mbili tatu kivute haraka, kikung'ute kwenye ndoo ya maji ya sabuni, ukirudishe. Kinakuonyesha pia kama idadi inapanda au inashuka. Boksi la karatasi lenye mifereji linafanya kazi hiyohiyo, ila nyuki hulitafuna.

Mtego wa mafuta unahitaji uangalifu zaidi. Ni kikopo chembamba kinachoning'inizwa juu kati ya fremu mbili, chenye nyufa za milimita 3 kwenye mfuniko: mbawakawa anapita, nyuki hapiti. Jaza mafuta ya kupikia theluthi moja tu. Mzinga ukiinama au ukigongwa, mafuta yakimwagika yataua nyuki na kuharibu sega, kwa hiyo siushauri kwenye mizinga inayoning'inizwa kwa waya. Inayumba mno.

Buu aliyeshiba hutoka mzingani, mara nyingi usiku, akaanguka chini na kujichimbia ili ageuke bundo. Wengi hukaa karibu na mzinga, ndani ya sentimita 10 za juu za udongo, wakatoka wakiwa mbawakawa baada ya wiki 3 au 4. Kukiwa na baridi huchelewa. Udongo laini wenye unyevu ndio wanaoutaka. Usiweke mzinga kwenye bustani unayomwagilia, wala pembeni ya shimo la takataka za jikoni. Maabarani wameonekana wakizaana juu ya maembe, ndizi na mananasi, kwa hiyo maembe yanayooza chini ya mti yaokotwe. Wamarekani husema mzinga ukae juani kutwa nzima. Kwetu, hasa ukanda wa joto, masega yatayeyuka na kundi litahama kabla mbawakawa hajafika. Jua la asubuhi na kivuli cha mchana, kwenye ardhi ngumu iliyofagiwa, ndiyo nafasi nzuri. Wengine hushauri kufuga kuku chini ya mizinga wale mabuu. Nyuki wetu wakichachamaa huua kuku bandani, hivyo wapelekee kuku mabuu uliowakusanya, usiwapeleke kuku kwenye nyuki.

Mahali pengine ambapo asali hupotea ni jikoni kwako. Ndoo ya masega iliyorinwa Jumamosi ikaachwa hadi wikendi inayofuata inaweza kufunuliwa ikiwa inatambaa, kwa sababu mayai yalikuja nayo na sasa hakuna nyuki wa kuyaondoa. Tenganisha palepale shambani: sega la asali iliyofunikwa ndoo yake, sega lenye majana au chavua ndoo nyingine, maana hivyo viwili ndivyo chakula wanachokipenda. Kamua ndani ya siku moja au mbili. Mayai hukauka pale unyevu wa hewa unapokuwa chini ya asilimia 50, hali ambayo Tanga au Mombasa huipati kwa kawaida, kwa hiyo masega ya kuuza yakiwa mazima yatie kwenye friza. Nyuzi 12 chini ya sifuri kwa saa 24 zinaua mayai, mabuu na mbawakawa waliokomaa. Kwa ndoo iliyojaa ongeza siku, kwani baridi huchelewa kufika katikati. Masega machakavu usiyaache kwenye mzinga mtupu kama chambo cha kundi jipya. Nta iliyopakwa kwenye viunzi pamoja na mchaichai vinatosha kuvuta nyuki.

Vivyo hivyo na chakula cha ziada. Wakati wa njaa, maji ya sukari hayana shida kubwa. Mikate ya unga wa soya au chavua ni karamu ya mabuu. Toa kipande kidogo ambacho nyuki watakimaliza kwa siku mbili, kilichobaki kiondoe.

Dawa za kupulizia mende na unga wa kuua wadudu wa mahindi visikaribie mzinga. Nyuki naye ni mdudu, na nta hunyonya sumu ikakaa nayo muda mrefu. Mnunuzi mkubwa akipima asali yako akakuta masalia, hatakuuliza ulikuwa unapambana na mdudu gani.

Wenye nyuki wadogo wasiouma, ambao ndio wanaofaa kweli kukaa ukutani mwa nyumba, nao wanaguswa. Nyuki hawa hujikinga kwa kuziba. Huko Australia wameonekana wakimfunika mbawakawa angali hai kwa mchanganyiko wa utomvu, nta na udongo. Hatari yao ni siku ya kugawa kundi au kuvuna, vyungu vya asali na chavua vinapopasuka. Futa kilichomwagika, ondoa vyungu vya chavua vilivyopasuka, halafu ziba kila mwanya kwa udongo au gundi ya karatasi kabla jua halijazama.

Na kama umechelewa, umekuta ute unachuruzika? Ikiwa nyuki bado wamo, wahamishie jioni hiyohiyo kwenye sanduku dogo safi pamoja na masega machache mazima wanayoweza kuyafunika. Masega yaliyochacha yafunge kwenye mfuko wa plastiki, uyaache juani hadi mabuu wafe, au yatie friza. Usiyatupe porini wala kwenye mboji. Asali iliyochacha usiiuze na usiwarudishie nyuki. Osha mzinga kwa maji mengi, ukwangue, uuanike juani mpaka harufu iishe. Kisha uusogeze mahali pengine: chini ya pale ulipokuwa kuna mabundo udongoni, na kundi jipya likiwekwa palepale ndani ya miezi miwili litapokelewa na kizazi kipya cha mbawakawa.