Upepo wa Lami Si Upepo wa Mchanga

Ukitoka Arusha na foo-wili yako kwenda Ziwa Natron, fundi pancha atakuuliza swali moja: "Nikuwekee ngapi?" Wengi hujibu 35, kwa kuwa ndivyo walivyojibu siku zote, wakalipa na kuondoka. Jibu hilo linatosha mpaka Mto wa Mbu. Lami ikishakuacha, kuna kokoto na rasta za kuelekea Engaruka, kisha makorongo yaliyojaa mchanga, kisha vumbi la majivu ya Ol Doinyo Lengai, laini kama unga wa sembe. Kila ardhi hapo ina upepo wake.

Anzia kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kuna kibandiko kinachoonyesha upepo uliowekwa na kiwanda, na mara nyingi matairi ya nyuma huongezewa gari likiwa na mzigo. Hiyo ndiyo namba yako ya lami. Namba iliyochorwa ubavuni mwa tairi ni kikomo chake, usijazie hapo. Pima alfajiri, kabla gari halijatembea, kwa sababu tairi lililochemka huonyesha upepo mwingi kuliko ulionao. Na nunua geji yako. Za mitaani zinaangushwa chini kutwa nzima, nami nimeshakuta mbili za jirani zikipishana PSI 6 kwenye tairi lilelile.

Kwenye kokoto na rasta, toa kama robo. Ulikuwa na 35, baki na 26 hivi. Tairi lililojaa kama ngoma hurukaruka, hupasuliwa na jiwe lenye ncha na kuzimaliza shokapu. Lililolegea kidogo hulikumbatia jiwe na kulipita. Ila ukishatoa upepo, umeuza na mwendo wako: usikimbie zaidi ya 60.

Mchanga ndio mwalimu mkali. Katika korongo moja mbele ya Engaruka, mimi na utingo wangu tulichimba, tukatandika majani, tukasukuma, na kila nilipokanyaga mafuta gari lilizama zaidi. Nusu saa ilipita ndipo nikapiga magoti, nikabonyeza pini ya valvu kwa ncha ya ufunguo mpaka geji ikasoma 18, tairi moja baada ya jingine. Tumbo la tairi likashuka, likakaa chini kama unyayo wa ngamia. Nikaweka gia nzito, nikarudi nyuma polepole juu ya alama zangu mwenyewe, likatoka. Pale ardhi ilipokuwa ngumu kidogo nilishuka kuangalia: alama ya tairi haikuwa imetanuka sana kwa upana, ilikuwa imerefuka. Watu wengi hawalijui hilo. Uzito uleule unalala juu ya kipande kirefu zaidi cha tairi, karibu na kazi ya mnyororo wa katapila.

Kwa mchanga, basi, 18 mpaka 20. Gari likijaa abiria na madumu ya maji, usishuke chini ya 20. Ukikwama kabisa unaweza kwenda 15, lakini usikate kona kwa ghafla, maana tairi litachomoka kwenye rimu, na kulirudisha porini ni kazi ya kutwa. Mwendo usizidi 30, na ukishatoka ongeza.

Kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika sitakudanganya: upepo unasaidia kidogo tu. Tope likiwa jembamba na chini kuna ardhi ngumu, acha tairi lijae ili likate mpaka kwenye ugumu. Tope likiwa refu, shuka mpaka 22 hivi. Kama matairi yako ni vipara, subiri jua.

Utajuaje kama umepatia? Pima tairi likiwa baridi, endesha nusu saa, simama, upime tena. Likipanda PSI 4 hivi, uko sawa. Likipanda 8, upepo ni mdogo mno kwa mzigo au mwendo wako: ubavu unajikunja na kujikunjua, unachemka, na ndivyo matairi mengi yanavyopasuka siku ya pili, kwenye lami, mwenyewe akilaumu kiwanda.

Hilo ndilo linalonifanya niwe mgumu kuhusu pampu. Bidiyah, kule Oman, mafundi wa matairi huwatolea upepo wanaoingia mchanga wa Wahiba na kuwajazia wanaporudi. Wewe usitegemee kumkuta fundi wa hivyo kila korongo. Nunua pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri, na kabla ya kurudi lamini simama, jaza yote manne hadi namba ya mlangoni. Kama huna pampu garini, usitoe zaidi ya PSI 5.