Dondoo muhimu: Fyuzi ya feni ya rejeta

Mlima wa kutoka Kyela hadi Tukuyu huchemsha injini, na katika magari ya zamani utakuta feni ya rejeta imeungwa kwenye betri moja kwa moja, bila fyuzi. Waya huo ukichubuka na kugusa bodi, unawaka moto. Kabla ya kuweka fyuzi, fungua kwanza hasi ya betri. Fyuzi ikae kwenye waya wa chanya, sentimita 15 hivi kutoka betri, si kule kwenye feni: kipande kinachotangulia fyuzi hakina ulinzi wowote. Waya wa milimita za mraba 2.5 unatosha kwa fyuzi ya ampea 20. Ikiungua kila mara, tafuta shoti. Usiweke karatasi ya sigara badala yake; hiyo si fyuzi. Kwa mvua za Kyela, chagua kishikio cha fyuzi chenye mfuniko wa mpira.