MGONGO WA FARASI NA MGONGO WA PUNDA
Somo la vikundi: mazoezi ya mtoto mwenye ulemavu

Shabaha ya somo: Kuelewa jinsi kupanda mnyama kunavyosaidia mwili, na kuona tunaloweza kufanya hapa kwetu Kola bila farasi.



Kuna watu waliosikia kwamba watoto wasiotembea hupandishwa farasi wakapona. Wanatuuliza kama ni kweli. Jibu letu ni hili: kupona, hapana. Kusaidika, ndiyo, na tena sana. Ni vizuri tujue tofauti hiyo mapema, mzazi asije akauza mbuzi wake kutafuta muujiza.

Farasi anasaidia vipi?

Mtu akitembea, nyonga zake hazitulii. Zinakwenda mbele na nyuma, kushoto na kulia, tena zinazunguka kidogo. Farasi akitembea pole pole, mgongo wake hufanya mwendo unaofanana na huo. Basi mtoto ambaye hajawahi kutembea, akiketishwa pale juu, nyonga zake zinatembezwa. Kila hatua inamlazimu kutafuta usawa wake asianguke. Misuli ya tumbo, mgongo na shingo inafanya kazi, naye anaona ni mchezo tu.

Jambo la pili ni joto na mkao. Wako watoto ambao miguu yao imekakamaa na kupishana kama makasi. Mwili wa farasi una joto, na mtoto anakaa miguu ikiwa imeachana. Taratibu misuli inalegea.

Jambo la tatu ni la moyo. Mtoto aliyezoea kutazamwa akiwa chini sasa yuko juu, na watu wazima wanainua macho kumtazama.

Mfano mmoja unajulikana dunia nzima. Bi Lis Hartel wa Denmark alipatwa na polio mwaka 1944, akapooza miguu chini ya magoti. Mwaka 1952, kwenye Olimpiki ya Helsinki, alipata medali ya fedha ya kuendesha farasi, ingawa ilibidi asaidiwe kupanda na kushuka. Miguu yake haikupona, lakini hakukaa nyumbani kungoja ipone. Mfano wake uliwatia moyo wengi, na baadaye kazi ya kuwapandisha farasi watu wenye ulemavu ikaenea nchi nyingi. Hata Nairobi imefanyika.

Hapa kwetu je?

Farasi si mnyama wa Ukambani. Ni ghali kumlisha, na kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoua wengi. Punda anauvumilia ugonjwa huo, naye tunaye. Huko Uingereza, Bi Elisabeth Svendsen, aliyeanzisha makao ya kutunza punda mwaka 1969, aliendelea katika miaka ya 1970 kuanzisha kazi ya kuwapandisha punda watoto wenye ulemavu. Kwa hiyo punda si wa maji tu.

Lakini tuangalie haya kwanza:

1. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo amwone mtoto kwanza. Asipandishwe mtoto mwenye kifafa kisichotulia, mifupa myepesi kuvunjika, nyonga iliyoteguka au vidonda vya kukalia. Mtoto mwenye hali ya Down huweza kuwa na udhaifu kwenye mifupa ya shingo. Huyo apimwe kabla.

2. Watu watatu wawepo: mmoja ashike kamba ya punda, wawili watembee kandokando wakimshikilia mtoto. Kofia ngumu ivaliwe. Mtoto asifungwe kamba juu ya punda hata kidogo, maana punda akianguka, ataanguka naye.

3. Punda awe mpole na mwenye afya. Aliyetoka kubeba mitungi minne ya lita 20 amebeba kilo 80, amechoka, aachwe apumzike. Mwenye kidonda mgongoni asipandwe. Huko Uingereza, punda wa kubeba watalii hapandwi na mtu wa zaidi ya kilo 50.

Kama masharti haya hayatimizwi, tusipande. Mtoto anaweza kumlisha punda, kumpiga brashi, na kumwongoza akiwa na mtu mzima. Mkono unaonyooshwa kufikia shingo ya punda unafanya mazoezi pia.

Gogo na mgongo wa mama

Iko njia nyepesi zaidi. Tafuta gogo la mviringo, lizungushie blanketi au magunia mpaka liwe laini. Mketishe mtoto juu yake kama aliyepanda farasi, miguu huku na huku, nyayo ziguse chini. Mama akae nyuma yake, ashike nyonga, amyumbishe pole pole upande huu na ule. Mwombe mtaalamu akuonyeshe mara ya kwanza. Akilia kwa maumivu, acha.

Na ile desturi yetu ya kubeba mtoto mgongoni, miguu ikiwa imeachana, ni tiba nzuri kwa mtoto mdogo aliyekakamaa. Shida ni kwamba mtoto anakua, mgongo wa mama unachoka, na siku moja mtoto anaachwa amelala ndani kutwa nzima. Hapo ndipo hasara inapoingia. Viungo visivyonyooshwa vinajikunja, na baadaye vinaweza kukataa kabisa kunyooka. Ngozi inatoboka vidonda. Mwaka mmoja wa kufichwa nyumbani unaweza kuharibu kile ambacho dakika chache za kila siku zingekilinda.

Kazi hii inataka uvumilivu. Kikundi cha Utooni kilianza hapa hapa Kola mwaka 1978, na tunajua bwawa la mchanga halijai kwa mvua moja. Mtoto naye ni hivyo hivyo.

Kikundi kifanye nini?

Mzazi peke yake hawezi. Tufanye mwethya wa mtoto kama tunavyofanya mwethya wa matuta. Wawili waende wakamsaidie mama siku ya soko. Mmoja amsindikize hospitali ya Machakos kwa wataalamu wa mazoezi. Mwingine aulizie kituo cha elimu cha kupima watoto wenye ulemavu. Vituo hivi vilianzishwa Kenya mwaka 1984. Tena tuache majina ya dharau. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu aitwe kwa heshima.

Maswali ya kuzungumzia

1. Katika kijiji chetu, ni nyumba zipi zenye mtoto ambaye hatujamwona nje mwaka huu? Kwa nini?

2. Ni nani ana punda mpole? Ni nani atatengeneza gogo?

3. Mama wa mtoto huyu anahitaji nini kwanza: mazoezi, maji, au mtu wa kukaa na mtoto ili yeye apumzike? Tumuulize mwenyewe.

Kabla ya mkutano kufungwa, chagueni watu wawili wa kutembelea nyumba moja wiki hii. Majina yao yaandikwe kwenye daftari la kikundi, nao watoe ripoti mkutano ujao.